Upande wa Pili wa Rimtand

"Rudisha sindano," Ingelise Fuglsang alisema. "Hapo hapo, kabla gitaa halijaingia."

Inspekta Solvej Brandstrup alimwashiria kwa kichwa msaidizi wake, Jeppe, naye akainua mkono wa gramafoni na kuushusha tena taratibu. Gramafoni ilikuwa ya Jeppe mwenyewe. Alikuwa ameileta asubuhi ile ndani ya mfuko wa supamaketi, maana kituo kizima cha polisi cha Tangehavn hakikuwa na chombo cha kuchezea santuri. Santuri yenyewe ilikuwa mpya, nzito, nyeusi tititi. Kwenye jalada palichorwa mlima wa barafu wenye meno, na juu yake jina la bendi, RIMTAND, kwa herufi zilizochongoka kama miiba. Chini kabisa, kwa maandishi madogo: *Kanda za majaribio, majira ya machipuko, 1984.*

Spika zilikwaruza. Mtu aligonga fimbo za dramu kuhesabia mwanzo. Mbwa akabweka mara kadhaa, sauti nyembamba ya mbwa mchanga, kisha kijana mmoja akacheka na kusema waziwazi, "Trold, nyamaza! Tunarekodi!" Hapo gitaa likanguruma na kufunika kila kitu.

Jeppe alipunguza sauti. "Nimesikia mbwa."

"Umemsikia kaka yangu," Ingelise alisema. "Yule anayecheka ni Asger. Hata ningekuwa kaburini ningemtambua."

Alikuwa mwanamke wa miaka karibu sitini, mwalimu wa chekechea, amevaa koti lake la kwendea kanisani kana kwamba kuja polisi ni ibada. Mikono aliiweka mapajani.

"Tunajua kwamba Asger aliimba humu," Solvej alisema kwa upole. "Ndiyo bendi yake. Hii ilirekodiwa kabla hajapotea."

"Alipotea Oktoba. Palle Nørskov, mpiga besi wao, aliwaambia polisi kwamba amemsindikiza stesheni na kumwona akipanda treni ya Hamburg. Mama aliamini hivyo mpaka anakufa. Kila gari la posta likisimama, alikuwa anatoka nje na slipa."

"Ndiyo. Nimesoma jalada la kesi."

"Sasa niambie, Inspekta. Trold alizaliwa Novemba. Alizaliwa jikoni kwetu, chini ya meza, na mbwa wetu mwenyewe. Jina nilimpa mimi. Nikampelekea Palle Krismasi, kwa sababu alikuwa analia kila akimtaja Asger, nikamhurumia." Aliinyooshea gramafoni kidole. "Kaka yangu amelijuaje jina la mbwa aliyezaliwa baada ya yeye kuondoka?"

Gramafoni iliendelea kuzunguka. Jeppe alikuwa ameshika kikombe cha kahawa, akakirudisha mezani bila kunywa, na bila kutazama anakiweka wapi.

"Cheza tena," Solvej alisema.

Walisikiliza upande wote wa pili. Kati ya wimbo na wimbo palikuwa na vikohozi, kiti kilichoburutwa, mtu akipuliza viganja kwa baridi. Mara moja Asger aliuliza, "Hakuna hewa humu, kwa nini tusifungue?" na sauti nyingine, nzito, ikamjibu, "Acha. Watasikia."

Solvej aliandika maneno hayo mawili ya mwisho kwenye karatasi, akayapigia mstari.

*

Mtu aliyetoa santuri hiyo aliitwa Villads Krogh, mwenye kampuni ndogo ya santuri Copenhagen iliyofufua bendi za muziki mzito wa metali zilizokwisha kusahaulika. Alipokea simu kwa furaha iliyoisha alipoelewa anazungumza na nani.

"Kanda nilipewa na Flemming Toft, mpiga dramu," alisema. "Zilikuwa kwenye boksi la ndizi. Hakutaka hata kuzisikiliza. Alisema chukua, fanya unavyotaka."

"Na tarehe iliyo kwenye jalada?"

"Palle. Palle ndiye aliyeniambia kila kitu. Tarehe, mpangilio wa nyimbo, hata rangi ya ule mlima. Unajua, mimi nilitaka kuukata ule upande wa pili, kwa sababu kinasa sauti chao kilikuwa kibovu na wimbo wa kwanza unaanza na yale makelele ya mbwa. Alikasirika! Akasema upande wa pili ndiyo Rimtand halisi, upande wa kwanza ni watoto wanacheza."

"Alisema kwa nini?"

"Alisema mtu yeyote mwenye masikio atajua." Villads alishusha sauti. "Na kusema kweli, Inspekta, ni kweli. Upande wa kwanza kijana anaimba vizuri tu. Upande wa pili... sijui alipatwa na nini. Anaimba kama mtu aliyeshikiwa kisu. Wateja wangu wa Ujerumani wamechanganyikiwa kwa huo upande."

*

Shamba la Palle Nørskov lilikuwa mwisho wa barabara nyembamba, kati ya mashamba ya viazi sukari vilivyong'olewa nusu. Alikuwa mrefu, mwembamba, nywele zake nyeupe amezifunga mkia nyuma. Aliwakaribisha jikoni, akamimina kahawa kutoka kwenye chupa, akatoa na keki za mdalasini.

"Mnakuja kwa ajili ya santuri?" alisema huku akicheka. "Miaka yote hii hakuna aliyetujua, leo hata polisi wanataka sahihi."

"Trold alikuwa mbwa wako?" Solvej aliuliza.

"Mbwa?" Palle alikunja uso. "Ndiyo, nilikuwa na mbwa zamani. Mbwa gani tena?"

Jeppe alimwekea simu mezani na kumchezea kipande kile. Palle aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza muziki, akawa anagonga mdundo kwa kidole. Mbwa alipobweka, kidole kikaendelea. Aliposikia jina, kikasimama.

Ilionekana wazi kwamba alikuwa amekwisha kuusikia wimbo ule mara zisizo na idadi na hakuwahi hata siku moja kumsikia mbwa.

"Nilikuwa na Trold wawili," alisema. "Wa kwanza alikufa. Yule wa Ingelise nikampa jina la yule wa kwanza."

"Ingelise anasema jina alilitunga yeye."

"Ingelise ni mzee sasa, anachanganya."

"Ni mdogo kwako, Palle."

Palle alitabasamu, akajimiminia kahawa kwenye kikombe ambacho bado kilikuwa kimejaa. Ikamwagika mezani. Alichukua kitambaa akafuta, na alipomaliza kufuta alikuwa na jibu jingine.

"Sawa. Mmenibana. Alirudi. Mara moja tu, mwaka mpya ule. Alikuja kwa siri kutoka Hamburg, tukarekodi, akaondoka tena. Alitufanya tuape. Alikuwa na madeni ya bangi huko, sijui na nani. Nilikuwa namlinda rafiki yangu. Hilo ni kosa?"

"Na mama yake je, hakutaka kumwona?"

"Asger alikuwa hivyo. Msanii."

Walipotoka nje, Jeppe alisema, "Hamburg. Tuwaulize Wajerumani, bosi. Kama ni madeni ya bangi, pengine walimmaliza huko huko."

Solvej alikuwa amesimama uani, anatazama ghala la zamani la matofali mekundu. Juu, chini ya paa, palikuwa na dari yenye dirisha moja lililozibwa kwa mbao.

"'Acha, watasikia,'" alisema. "Mtu aliyekuja kutembea usiku mmoja hazibiwi madirisha. Twende kwa Flemming."

*

Flemming Toft alikuwa na gereji ya matairi upande wa pili wa ghuba. Walimkuta amepiga magoti kwenye gurudumu la lori, mtu mnene, mpole, mwenye kifua kinachopiga filimbi akipumua. Solvej alipojitambulisha, alibaki amepiga magoti. Akaiweka spana chini.

"Ni Asger," alisema.

"Kwa nini unasema hivyo?"

"Nyie mna kitu gani kingine cha kuniuliza mimi?"

Waliingia ofisini kwake, chumba chenye harufu ya mpira na kalenda ya mwaka uliopita. Solvej hakumchezea kitu. Alimwambia tu, "Flemming, najua Asger alikuwa hai Krismasi ile. Najua alikuwa kwenye dari ya ghala la Palle. Nataka kujua alikuwa anamkimbia nani."

Flemming aliyafunika macho yake kwa viganja vyeusi vya grisi.

"Aliua mtu," alisema.

Jeppe alinyanyua kichwa.

"Hakukusudia. Tulikuwa tunatoka mazoezini, mvua inanyesha, Asger anaendesha gari la baba yake Palle. Palle mbele, mimi nyuma na madramu. Tukamgonga mtu wa baiskeli. Asger alitaka kusimama, Palle akamwambia nenda, nenda, wewe umekunywa. Akaenda. Palle ndiye aliyerudi peke yake kutazama. Kesho yake akatuambia yule mtu amekufa. Kasema imo gazetini, polisi wanalitafuta gari. Asger akataka kujisalimisha. Alilia kama mtoto. Palle akasema utafungwa miaka, mama yako atakufa kwa aibu, subiri mambo yapoe. Ndiyo akamweka darini. Akaenda polisi na ile hadithi ya treni."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa napeleka chakula. Mkate mweusi, samaki wa kopo, sigara. Tulizungushia magodoro na marobota ya majani makavu ili sauti isitoke. Palle akasema madamu tuko humu, tufanye kazi, tumalize kanda." Aliikunja midomo. "Siku Ingelise alipokuja na yule mtoto wa mbwa, mimi nilikuwa juu na Asger. Kulikuwa na ufa kwenye ubao. Alimwona dada yake amesimama pale uani kwenye theluji, amembeba mbwa ndani ya koti. Nilimziba mdomo kwa mkono. Mimi. Machozi yake yalinilowesha mpaka hapa." Akaonyesha kiwiko.

Solvej alisubiri. Nje, mteja alipiga honi, akachoka, akaondoka.

"Alikufaje?"

"Februari. Kulikuwa na jiko la mafuta ya taa, na sisi tulikuwa tumeziba kila tundu. Asubuhi nikapanda na kahawa. Alikuwa amelala na gitaa kifuani, mashavu mekundu, nikadhani amepona baridi. Nikamwamsha." Flemming akakohoa kwa muda mrefu. "Baba yake Palle alikuwa hospitali. Zizi la nguruwe lilikuwa linawekwa sakafu mpya. Saruji niliichanganya mimi. Nilijiambia, hata hivyo aliua mtu. Mungu amelipiza. Kwa hilo tu ndiyo nimeweza kulala."

Solvej alimgeukia Jeppe. Jeppe tayari alikuwa amesimama, simu sikioni, anazungumza na masjala. Ajali ya baiskeli, Oktoba 1984, aliyegonga alikimbia. Alisubiri huku akitazama ukutani. Kisha akasema, "Rudia." Kisha, "Una hakika? Miezi yote ile?" Akakata simu, lakini hakukaa.

"Bosi, njoo nje kidogo."

"Sema hapa hapa."

Jeppe alimtazama Flemming, akamwonea huruma, akasema. "Barabara zote za wilaya hii, msimu wote ule, hakuna mwendesha baiskeli aliyekufa. Kuna mmoja aliyegongwa na gari lililokimbia, tarehe zinalingana. Anaitwa Aage Winther. Alivunjika mtulinga, huu mfupa wa bega. Alilazwa siku chache akarudi nyumbani. Gazeti liliandika hivyo hivyo, na picha yake akiwa kitandani anacheka."

Flemming alitazama midomo ya Jeppe kama mtu anayengoja itamke kitu kingine.

"Hapana," alisema. "Alikufa. Palle aliliona gazeti."

"Ndiyo," Solvej alisema. "Palle aliliona."

Ilichukua muda kumfikia. Alianza kutikisa kichwa, kisha akaacha. Uso wake ulipauka kuanzia paji mpaka shingo, na kifua kile kilichokuwa kikipiga filimbi kikanyamaza kabisa, hata Jeppe akamshika bega akidhani amezimia.

"Alikuwa anataka kutuacha," Flemming alisema kwa sauti ndogo. "Asger. Kuna bendi ya Copenhagen ilimwita. Alituambia siku ile ile, ndani ya gari. Palle hakumjibu kitu."

Solvej Brandstrup alikuwa polisi tangu ujana wake, na alikuwa amesikiliza watu wakikiri mauaji ya shoka, ya sumu na ya kuzamishana mitoni. Kalamu yake ilikuwa juu ya karatasi. Aliitazama, akaona kwamba tangu Jeppe aliposema "mtulinga" hakuwa ameandika hata herufi moja.

*

Palle aliwafungulia mlango kabla hawajabisha. Aliona magari mawili ya polisi nyuma yao, akaona Flemming ndani ya moja, akarudi jikoni na kuketi.

"Ulimwambia Asger kwamba ameua mtu," Solvej alisema, amesimama.

"Nani kasema?"

"Ulijua Aage Winther yuko hai. Ulijua kesho yake tu."

"Nilijua jioni ile ile," Palle alisema. "Niliporudi kutazama alikuwa amekaa kando ya barabara, anatukana."

Alilisema jambo hilo kwa wepesi, kama mtu anayesahihisha jina la wimbo. Askari aliyekuwa mlangoni aligeuka akamtazama.

"Kwa nini?"

"Mmesikiliza upande wa kwanza? Mmesikiliza na wa pili?" Palle aliegemea mbele, macho yakimng'aa. "Basi usiniulize kwa nini. Copenhagen wangemfanya aimbe nyimbo za mapenzi. Mimi nilimpa kitu cha kuimba. Nilitaka miezi michache tu, tumalize kanda, halafu ningemwambia. Kweli ningemwambia. Lile jiko halikuwa kosa langu."

"Alikuuliza mbona hakuna hewa. Imo kwenye santuri. Ukamjibu acha."

Palle aliokota punje ya sukari mezani, akaisaga kwa ukucha.

"Muda wa kunishtaki umekwisha," alisema hatimaye. "Nilimuuliza wakili kabla sijamruhusu Villads kuitoa. Nilimuuliza kama mfano tu."

"Hilo ataamua mwendesha mashtaka. Simama."

"Naweza kuchukua koti?"

"Jeppe atakuchukulia."

Alipopita uani katikati ya askari wawili, aligeuka akauliza kama Villads atalazimika kuiondoa santuri madukani. Jeppe alifunga mlango wa gari kwa nguvu, dirisha likatetemeka.

*

Walivunja sakafu ya zizi kesho yake asubuhi, mvua ya manyunyu ikiwa inanyesha. Flemming aliwaonyesha pembe. Hakuhitaji kupima, alikwenda moja kwa moja akasimama hapo na pingu zake, akasema, "Hapa ndipo kichwa," kisha akaomba arudishwe garini.

Ingelise alikuwa amekataa kungoja nyumbani. Alisimama kando ya ukuta na Solvej, koti lile lile la kanisani, hana mwavuli. Solvej alikuwa amemweleza karibu yote jana yake, sebuleni kwake, na Ingelise alikuwa amesikiliza bila kulia, akiuliza maswali mafupi kama anayejaza pengo moja baada ya jingine. Ule ufa wa ubao, ambao Asger alimwonea dada yake uani, Solvej alikuwa hajaweza kumtajia bado. Alijua atalazimika kuusema kabla ya mahakama kuusema.

Mashine ya kuvunjia saruji ilinyamaza. Mtaalamu aliyevaa nguo nyeupe aliinama, akafagia kwa brashi, akamnyanyulia Jeppe mkono. Jeppe akavua kofia.

"Wamempata," Ingelise alisema.

"Nadhani wamempata."

"Alijua? Siku yoyote kabla hajafa, alijua kwamba hakuua mtu?"

"Hapana."

Ingelise alitikisa kichwa polepole, mara nyingi, kama anayekubaliana na jambo analolisikia kwa mbali.

"Jana hukunitajia huyo mtu wa baiskeli ni nani."

Solvej alitazama karatasi yake, ingawa jina alilijua. "Aage Winther. Unamfahamu?"

Mkono wake ukautafuta ukuta, na Solvej akamshika kiwiko.

"Aage ndiye mpiga kinanda wa kanisani kwetu," Ingelise alisema. "Mama alipokuwa anaumwa, alikuwa anakuja nyumbani kila Alhamisi kukaa naye. Alimsikiliza akimzungumzia Asger. Saa nzima, wiki baada ya wiki." Alilitazama shimo. "Yeye ndiye aliyempigia Mama kinanda siku tunamzika."